Mdogo wangu, usisubiri kujiamini ndipo uanze

Mdogo wangu mpenzi,

Juzi usiku uliniambia kwenye simu, "Dada, huu mwili si wangu." Kabla sijajibu mtoto akalia, ukakata. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wenye swali lako ni wengi, na kwa sababu kwenye simu hatumalizi sentensi. Huyo mwanao ananionea wivu.

Nami nilipita hapo. Wiki ya saba baada ya kujifungua nilivaa raba nikatoka kukimbia kama zamani. Hata dakika mbili hazikuisha, nikahisi mkojo unanitoka. Nilisimama nimebana miguu, nikajifunga sweta kiunoni, nikarudi nyumbani polepole. Sikumwambia mtu. Raba nikazisukumia chini ya kitanda, zikakaa huko miezi mitatu. Mwili haukuumia siku ile, ila nilishajihukumu kwamba mimi na mazoezi basi tena.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika kuhusu imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza. Kumwona mwenzako akiweza kunaijenga, na kutiwa moyo pia, lakini vyote hivyo havifui dafu mbele ya jambo ulilolifanya mwenyewe ukafaulu. Sasa ona nilivyojipunja: jaribio langu la kwanza nililichagua lile ambalo lazima ningeshindwa.

Nilipoanza tena, nilianza na kitu kidogo hadi kinachekesha. Ile misuli ya chini ya nyonga, unayoibana ukitaka kuzuia mkojo: nakaza nikihesabu hadi tano, naachia, narudia mara kumi, mtoto akiwa ananyonya. (Usifanyie zoezi hili chooni ukiwa unakojoa.) Kisha nikaongeza kutembea dakika tano, baadaye kumi. Wiki zikapita. Siku moja nimembeba mtoto nikapiga chafya kali, nikatulia kusikilizia. Kukavu! Nilicheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Jioni ile ndipo nilipozitoa raba uvunguni.

Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyejifungua, kama hana tatizo la kiafya la kumzuia, afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usitishike na hiyo namba. Wanasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na kutembea kwa haraka kumo humo. Ila wewe ulipasuliwa, kwa hiyo daktari akuangalie kwanza kabla ya kunyanyua vizito au kurukaruka. Na ukiona katikati ya tumbo panatuna kama tuta unapojiinua kitandani, huenda misuli ya tumbo imeachana. Mwonyeshe, na zile sit-up ziache kwanza.

Kuhusu kula, hapa nitakugombeza. Ulisema unaruka chakula cha mchana ili tumbo lirudi. Anayenyonyesha anahitaji takribani kalori 330 hadi 400 zaidi kwa siku kuliko alivyokuwa akila kabla ya mimba. Ukijinyima, huo uchovu utauita uvivu, kumbe ni njaa. Kula protini, kula vyakula vyenye madini ya chuma maana damu ilikutoka, na weka maji karibu na unaponyonyeshea. Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa, anayekutisha hivyo mwache.

Ila ukianza kutoka damu nyingi tena, ukaumwa kifua, ukakosa pumzi au mguu mmoja ukavimba na kuuma, achana na barua yangu, wahi hospitali.

Jumamosi nakuja. Mtoto nitambeba mimi. Wewe utakula kwanza, umekaa, chakula kikiwa bado cha moto. Kisha utavaa raba utoke nje. Ukirudi baada ya dakika tatu sitauliza kitu.

Dada yako