Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Nguzo tumeziona, nyaya ziko wapi?

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Fedha na Mipango ya Uchumi,
Nairobi.

MINT: DENI LA HAZINA YA USAWAZISHAJI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka Tana Delta. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa zako. Sisi huku tu wazima, ila shemeji yangu yuko hospitali, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Alishikwa na uchungu usiku, wiki iliyopita. Zahanati yetu ina muuguzi mmoja, ina kitanda, ina mizani ya watoto, na ina sola ambayo betri yake ilikufa zamani. Mama yangu na jirani mmoja waliingia kummulikia muuguzi kwa simu. Sisi wanaume tukabaki nje. Kazi yangu mimi ilikuwa kupitisha mlangoni simu zenye chaji na kupokea zilizozima, kwa sababu hapa kijijini mimi ndiye kampuni ya umeme: nina paneli mbili juu ya bati la kibanda changu, na nachaji simu kwa shilingi 20. Mtoto alitoka salama, msichana. Lakini mama alichanika, na muuguzi akawa anatafuta pa kushona huku mkono wa mwenye tochi unatetemeka na kivuli chake mwenyewe kinamziba. Damu ikakataa kukata. Kulipokucha tukampakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na dada wa shemeji, wakaingia nayo kwenye matope. Ameongezewa damu na anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.

Muuguzi simlaumu. Alilia baadaye, nilimwona.

Ukitoka kwenye mlango wa zahanati hiyo, Mheshimiwa, kitu cha kwanza unachokiona ni nguzo za umeme. Zililetwa na lori, vijana wetu wakalipwa kuchimba mashimo, zikasimama msururu mzuri, na mkandarasi akatuambia tuanze kununua balbu. Wengine walinunua. Nyaya hazikuja. Nguzo moja imelala upande tangu mafuriko ya 2024, nyingine watu wanafungia mbuzi. Tukimuuliza chifu tunaambiwa mradi uko kwenye pesa za usawazishaji. Tukienda kwenye ofisi za kaunti tunaambiwa hizo ni pesa za Nairobi. Nairobi ndiko uliko wewe, basi nauliza huko.

Najua huna haja ya kufundishwa Katiba na mchaji simu. Ila kwa kuwa miaka imepita mingi na mambo huko ni mengi, niruhusu nikukumbushe. Ibara ya 204 ya Katiba tuliyoipitisha 2010 inaunda Hazina ya Usawazishaji na kuitengea asilimia 0.5 ya mapato yote yanayokusanywa na serikali ya kitaifa kila mwaka. Nusu shilingi katika kila shilingi mia. Kazi yake imetajwa kwa majina: maji, barabara, vituo vya afya na umeme, kwa maeneo yaliyotengwa, ili huduma huko zifike kiwango ambacho Wakenya wengine wanakifurahia, kadiri inavyowezekana. Hii siyo ile asilimia 15 au zaidi ya mapato inayogawiwa kaunti. Nasema hivyo kwa sababu kila tukiuliza kuhusu hii, tunajibiwa kuhusu ile.

Na Katiba hiyo hiyo ikaiwekea Hazina hii umri wa miaka 20. Hesabu ni nyepesi. Ikifika 2030 mlango unafungwa, labda Bunge la Kitaifa na Seneti wapitishe sheria ya kuongeza muda. Waliotunga Katiba waliamini miaka 20 inatosha kuwafikisha watu wa Tana River, Turkana, Wajir, Mandera na wenzetu pale walipo watu wengine. Labda ingetosha kweli, kama ingeanza kwa wakati.

Tume ya Ugavi wa Mapato ilitoa sera yake ya kwanza ya maeneo yaliyotengwa 2013 ikataja kaunti 14, na yetu ikiwemo. Tulishangilia, Mheshimiwa! Ni watu gani wengine duniani wanaoshangilia kuandikwa rasmi kwamba wametengwa? Halafu magavana na serikali ya kitaifa wakaanza kuvutana: Katiba inasema serikali ya kitaifa inaweza kutumia pesa hizo yenyewe moja kwa moja, au kuzipa kaunti kama ruzuku zenye masharti, na kila mmoja akautaka mpini yeye. Wakafikishana mahakamani. Kanuni mpya za kuendesha Hazina zikapatikana 2021, miaka 11 baada ya Katiba. Katikati ya hayo yote sera ya pili ikatoka, na safari hii hesabu haikuwa ya kaunti tena, ilikuwa ya maeneo: maeneo 1,424 katika kaunti 34. Mimi sina kinyongo na walioongezwa. Maskini aliye ndani ya kaunti tajiri ni maskini kama mimi, pengine zaidi, kwa sababu yeye anaamka kila siku akitazama paa la jirani. Lakini wageni wameongezeka, sufuria ni ile ile, na wali wenyewe umepakuliwa kidogo tu.

Maana hapo ndipo penye kidonda. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimesema zaidi ya mara moja kwamba kilichoingia kwenye Hazina hii ni kidogo mno kuliko kilichopaswa kuingia. Juu ya hapo, asilimia yenyewe inapigwa kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Bunge likichelewa kuidhinisha, sisi tunakatiwa haki yetu kwenye mapato ya miaka iliyopita wakati kodi ya sukari tunailipa ya leo. Sijawahi kwenda dukani nikasema nitalipa kwa bei ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa.

Sasa niongee habari ya mto, kwa sababu sidhani kama huko mnaliona jambo hili kama tunavyoliona sisi tulio mwisho wa maji.

Mto Tana unatoka Aberdare na Mlima Kenya. Bwawa la Ndakaini, ambalo Nairobi inalitegemea kwa maji, limejengwa kwenye mto Thika, na mto Thika ni mtoto wa Tana. Ukishuka kidogo unakuta mabwawa ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kindaruma ilianza kazi 1968, Kiambere 1988. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 50 mto wetu umekuwa ukiwasha taa za watu. Unawasha viwanda, unawasha mataa ya barabarani, na bila shaka umewasha na ile taa iliyo juu ya meza yako. Halafu unateremka mpaka kwetu, kwenye kaunti iliyopewa jina la mto wenyewe, kaunti ya watu 315,943 kwa sensa ya 2019, na hapa unatukuta tukichota kwa ndoo, tukichunga mamba kwa jicho moja.

Mvua zikinyesha sana huko juu, mabwawa hujaa na kumwaga. Redio hututangazia tuhamie nyanda za juu. Tana Delta ni tambarare, Mheshimiwa, nyanda za juu ni tuta la barabara. Ndiko tulikolala 2018, ndiko tulikolala mwisho wa 2023, na 2024 tukarudi pale pale, na mahema yale yale. Kiangazi nacho kikija, maji hupungua na bahari hupanda mtoni, mashamba ya mpunga ya chini yakaingia chumvi. Mafuriko tunagawiwa bila kuomba wala kujaza fomu, na hayajawahi kuchelewa kwa sababu ya kanuni.

Lipo na jingine. Kuna laini kubwa ya umeme ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen kwenda Lamu. Inapita juu ya malisho yetu. Ukisimama chini yake asubuhi ya umande unaisikia ikinguruma kama nyuki. Fundi mmoja aliwahi kunieleza, kwa upole, kwamba umeme ule ni mkali mno, hauwezi kushuka kwenye nyumba mpaka upunguzwe kwenye kituo na usambazwe kwa laini ndogo. Nikamwambia nimeelewa. Kituo kipo Garsen. Laini ndogo ndizo hizo nguzo zenye mbuzi.

Nina miembe. Kando ya mto embe halihitaji kubembelezwa, linazaa tu, na msimu ukifika dalali kutoka mbali anakuja na lori lake na bei yake. Hatuna chumba cha baridi, hatuna kiwanda cha juisi, hatuna hata friji ya kuwekea samaki. Dalali analijua hilo, kwa hiyo anakaa kwenye kivuli anakunywa soda ya moto na kungoja. Siku ya tatu unakubali bei yake. Mnatuambia mvumilivu hula mbivu. Zetu zinaozea chini ya mti.

Kwa nini iko hivi? Nimefikiria sana, na naomba radhi nikikosea, kwa kuwa mimi si mchumi. Nadhani tatizo halikuanza na wewe. Kuna ule Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliosema pesa za maendeleo zipelekwe kule zitakakozaa haraka: kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Sisi hatukuwa na barabara wala umeme, kwa hiyo hatukupewa barabara wala umeme. Na hiyo ya watu walio tayari ndiyo inayoniuma hadi leo. Bibi yangu alikuwa analima mpunga kabla hiyo serikali haijazaliwa, sijui alitakiwa awe tayari namna gani zaidi. Ibara ya 204 iliandikwa kutengua dhuluma ile. Lakini nahisi, na ni hisia tu, kwamba waraka ule bado unafanya kazi kimyakimya kwenye droo za wizara yako. Pesa zikipungua, wa kwanza kuambiwa angoje ni yule aliyezoea kungoja. Na sisi hatuna kura za kutisha mtu.

Nitaambiwa nchi ina madeni. Ni kweli, lakini na sisi tunaidai nchi, mbona deni letu halina tarehe ya kulipwa? Nitaambiwa afya imegatuliwa, nimuulize gavana. Nimemuuliza, Mheshimiwa, na si kwamba kaunti zetu zinaendeshwa na malaika. Magari yao tunayaona. Lakini gavana hawezi kutumia pesa ambayo haikuingia. Nitaambiwa kuna miradi mikubwa inakuja. Tuliambiwa hivyo 2014, ulipozinduliwa mradi wa kilimo cha umwagiliaji wa Galana-Kulalu, wa ekari milioni moja, sehemu yake ikiwa kwenye kaunti hii hii. Shamba la mfano lilikuwa la ekari 10,000. Sehemu kubwa ya iliyobaki kwenye hiyo milioni moja ni swala na vumbi.

Kwa hiyo sikuombi mradi mkubwa. Sikuombi ziara wala mawe ya msingi, tunayo ya kutosha, mengine yana majina ya mawaziri waliokwisha kusahaulika. Nilipoanza barua hii nilikuwa na orodha: barabara, kivuko, maji safi, ukuta wa kuzuia mto, wauguzi wawili zaidi. Nimeifuta. Ningependa vyote, lakini najua orodha ndefu huundiwa kamati.

Naomba deni lilipwe. Juni unapobeba ule mkoba wa bajeti na kupigwa picha nao, uwe na karatasi moja ndani yake inayosema: Hazina ya Usawazishaji ilistahili kiasi hiki tangu 2010, imepata kiasi hiki, salio ni hili, na litalipwa kwa awamu hizi kabla ya 2030. Kwa tarakimu, kwa mwaka, ili hata mimi niweze kuibandika kibandani watu waisome wakingoja simu zao. Na kama mmeshaona hamtaweza kumaliza kabla ya 2030, basi pelekeni mswada wa kuongeza muda sasa, wakati kuna nafasi ya kuujadili. Msituletee rambirambi mwaka wenyewe ukifika. Lakini kuongezewa muda bila pesa hatutaki. Lipeni deni.

Na kama hata hilo ni zito, Mheshimiwa, basi nyaya. Nguzo zipo, mashimo yamechimbwa, vijana walilipwa, kituo cha Garsen kipo, balbu nyingine bado ziko kwenye boksi. Kuna wanawake watatu ninaowajua mimi watakaojifungua kwenye zahanati ile kabla ya bajeti ijayo kusomwa, na muuguzi ni yule yule. Vuteni nyaya. Kama jibu ni hapana, andikeni hapana, mtie muhuri, mtuletee kupitia kwa chifu, ili tung'oe nguzo hizo tukajengee daraja la mtaro.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa maembe na mchaji simu,
Tana Delta, Kaunti ya Tana River.

Nakala: Msimamizi wa Bajeti, Tume ya Ugavi wa Mapato, Seneta wetu, popote alipo.