Jipime kwa risasi ya kwanza

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Sisi Mombasa tu wazima, alhamdulillahi. Mamako nilimpitia Kibokoni, hajambo, analalamikia joto tu.

Picha ya karatasi yako ya shabaha nimeiona. Matundu yamekusanyika katikati, umefurahi, na ni haki yako. Lakini niambie: karatasi hiyo ilikuwa ya ngapi siku hiyo? Ulisimama umbali gani? Bastola ulikuwa umeishika tayari, au ilikuwa kiunoni chini ya shati? Silaha uliiombea leseni kwa ajili ya duka na pesa za jioni, si kwa mashindano. Atakayekuvamia hatakungoja mkono uzoee.

Ndiyo maana nakusihi ujipime kwa risasi ya kwanza ya siku. Ukifika uwanjani, kabla hujapiga chochote, vaa kama uvaavyo dukani, shati nje, bastola ndani ya ala yake, karatasi mita saba mbele yako. Mwenzio awe na saa ya kupimia muda. Ikilia tu: inua shati, chomoa, lenga, piga mbili. Andika muda, andika matundu yalipoangukia, usifute kitu. Hicho ndicho kiwango chako cha kweli. Utakayopiga baadaye, hata yakipendeza vipi, ni mazoezi.

Hizo mita saba zina sababu. Mwaka 1983 Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City kule Marekani, aliandika kwamba mtu mwenye kisu akianzia futi 21, yaani kama mita 6.4, anakufikia kwa takriban sekunde moja na nusu. Wapo wanaoigeuza hesabu hiyo kuwa ruhusa ya kumpiga yeyote aliyekaribia, na hilo ni kosa kubwa. Ni kipimo cha muda tu. Kinakwambia kuwa mwenye kuchomoa kwa sekunde tatu huku amesimama palepale amechelewa, basi ajifunze kuona mapema na kuhama njia ya anayemjia. Na pale sokoni Kongowea kwenye msongamano, hizo mita saba utazipata wapi?

Jaribio jingine: mwenzio akupakilie magazini, yaani kile kikasha cha risasi, achanganye risasi bandia bila wewe kuona. Ukifika kwenye bandia hakuna mshindo, na hapo utazame mtutu. Ukizama chini, mkono wako unauogopa mlio kabla haujaja. Kwa sisi tunaotumia mkono wa kulia, risasi za namna hiyo huangukia chini kushoto.

Dawa yake iko nyumbani wala haili risasi. Risasi zote ziwe chumba kingine, watoto wasiwepo. Toa magazini, kagua chemba, pale inapokaa risasi ya kupigwa, kwa jicho na kwa kidole, kisha elekea ukuta mnene wa mawe, si ule wa mbao. Weka sarafu ya shilingi moja juu ya bastola, karibu na alama ya mbele ya kulengea, uvute kifyatulio polepole. Sarafu isianguke. Dakika kumi zatosha, na ukimaliza umemaliza: usirudie "mara moja tu" baada ya kupakia. Hapo ndipo watu huumizana. Na kwa hewa hii yetu ya chumvi, ipanguse kwa mafuta kila jioni.

Nililotaka kukwambia zaidi ya yote ni kujizuia. Kwa kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kujitetea hupimwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza: je, hatari ilikuwepo kweli, na nguvu uliyotumia ilikuwa ya kiasi? Mwizi aliyekwisha kukupa mgongo na simu yako mkononi si mtu wa kupigwa risasi. Basi hilo nalo lifanyiwe mazoezi. Saa ikilia, mara nyingine mwenzio apaze sauti "anakimbia!", nawe mkono ubaki juu ya shati. Ukichomoa, andika umeshindwa, hata kama ungelenga katikati.

Jumapili ukishuka kutoka Malindi, usiguse bastola asubuhi hiyo, na uvae shati lako la dukani. Saa na karatasi ninazo. Utapiga wewe kwanza, nami nitaandika.

Wasalaam,
Sahibu yako