Usimnenepeshe Bahati kwa ajili ya mashindano

Sahibu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u buheri wa afya, wewe na mama watoto na watoto wote, na Bi Khadija pia. Mimi huku Wales sijambo, alhamdulillahi, ila baridi imeingia mapema mwaka huu na magoti yanauma. Salamu za Kombo zimenifika. Mwambie lile deni nalikumbuka, mwisho wa mwezi inshallah.

Sasa nisikilize. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na kila nikifika pale unapouliza hawa Wazungu wanawapa nini farasi wao wakanona vile, nashindwa kukujibu. Nilianza kukurekodia nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Jambo lenyewe halitoshi dakika mbili, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unataka punda wako Bahati anenepe kabla ya mashindano ya punda. Nakuomba usifanye hivyo, Athmani. Na ili unielewe itabidi nikusimulie nililolifanya mimi kwa mikono yangu mwaka huu, ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani.

Unamkumbuka Seren, yule poni, yaani farasi mdogo, mweupe niliyekutumia picha yake mwezi wa nane, utepe mwekundu umening'inia kwenye hatamu? Huku mwekundu ndio wa kwanza, wa buluu ni wa pili. Ukaniandikia, "Mashallah, kama kapakwa samli!" Nilifurahi siku ile. Yeye ni poni wa Wales wa kundi A, wale wadogo kabisa, kimo chao hakizidi sentimita 122 mabegani. Asili yao ni milima ya huku, kwenye mvua, upepo na nyasi duni. Mwili wao umezoea kuweka akiba wakati wa joto na kuila akiba hiyo wakati wa theluji, hata majira ya kuchipua yakifika unawaona wamekonda. Ndivyo walivyoishi karne na karne. Leo poni huyo huyo analala bandani na blanketi mgongoni, ndoo yake ina shayiri ya kuchemsha, na kondeni nyasi zimepandwa zile za kushibisha ng'ombe wa maziwa. Akiba inaingia kila siku na haipati siku ya kutoka.

Mlishaji nilikuwa mimi. Tangu mwezi wa tatu mama mwenye shamba aliniambia nimjaze shingo na mgongo, awe tayari kwa maonyesho. Nikampa ndoo mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kila Ijumaa nilimzungushia kamba ya kupimia uzito, ile inayopita nyuma ya miguu ya mbele, nikaandika kwa chaki mlangoni mwa banda: kilo 231, kilo 240, kilo 252. Wiki ya maonyesho ilisoma 271. Kila namba ikipanda nilijiona nimefanya kazi.

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya wilaya tu, jina lake tuliache. Nilianza kumwosha saa kumi alfajiri. Nikampaka chaki miguuni, mafuta kidogo puani na pembeni mwa macho, mpaka akang'aa. Tuliingia uwanjani kumi na mmoja, kila mtu na poni wake mkononi. Mwamuzi alipotufikia alimpiga Seren kofi dogo la mapenzi shingoni, pale juu chini ya manyoya penye kinundu cha mafuta, na kile kinundu kikatikisika. Nilikiona kikitikisika, Athmani. Tena mgongoni mwake palikuwa na mfereji katikati, mvua ikinyesha maji yanakaa. Mwamuzi akatabasamu, akasema huyu ana afya tele, akatuweka mbele ya wote.

Karibu na mkia wa mstari walimweka poni mmoja wa kahawia ambaye mpaka leo namwona. Ukimpitishia mkono ubavuni unazigusa mbavu, na mwendo wake ulikuwa mzuri kuliko wote waliokuwemo, anatupa miguu mbele kama haigusi majani. Jioni tukiwa tunapakia wanyama garini, kijana mwenye poni huyo alinipongeza, akasema, "Mwaka ujao na mimi itabidi nimjaze."

Maneno hayo yamenikaa kifuani kuliko utepe. Ndivyo jambo hili linavyoenea. Mafuta yanaficha mengi: bega lililosimama sana, mgongo wenye bonde, shingo dhaifu. Mtu asiyeangalia vizuri anayadhania misuli. Jicho la mwamuzi likishazoea wanene, yule mwenye uzito wake wa haki anaonekana ana njaa, na wenye poni wote wanarudi nyumbani kuongeza ndoo.

Siku ya tisa baada ya maonyesho nilifika bandani saa kumi na mbili asubuhi, na Seren hakuja mlangoni. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, miguu ya mbele kainyoosha mbali, uzito kautupa kwenye visigino, kama mtu aliyelazimishwa kusimama juu ya makaa. Nilimwita, akataka kugeuka akashindwa, akaguna. Nikashika ukwato, ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai. Nikaweka vidole viwili nyuma ya kifundo, mshipa unadunda kwa nguvu. Nilikaa chini pale pale kwenye majani makavu.

Ugonjwa wenyewe wanauita laminaitisi. Ndani ya ukwato kuna mfupa, na mfupa huo haukukaa juu ya kitu, umening'inia. Unashikwa kwenye ukuta wa ukwato na nyama laini zilizofumana, mfano wa vidole vya mikono miwili ukivipitisha hivi na hivi. Mnyama akiwa mnene, halafu sukari ya nyasi na nafaka ikamzidi, insulini inapanda damuni, na ule mfumo wa vidole unanyooka, unaachia. Mfupa unainama au unazama kuelekea wayo, na juu yake kuna kilo 271. Daktari wa mifugo alipiga eksrei akanionyesha kwenye kioo jinsi ncha ya mfupa ilivyoelekea chini. Akampima unene kwa mkono, akamwandikia alama 4 na nusu katika 5. Inayotakiwa ni 3. Akauliza nani anamlisha. Nikasema ni mimi.

Mama mwenye shamba alilia sana siku ile. Anampenda yule mnyama, Athmani, kamlea tangu kazaliwa. Angekuwa mkatili ningejua la kumwambia. Huku kuna sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inayomtaka mwenye mnyama ampe chakula kinachomfaa, na kila mtu akiisikia anawafikiria wale wanaowanyima wanyama chakula. Poni akionekana mbavu nje barabarani, watu watapiga simu kabla jua halijatua. Huyu aliyezidishiwa alipigiwa makofi uwanjani, na mimi nilimshika kamba nikaitikia makofi yale. Nyumbani tunasema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mzigo wa Seren ulikuwa kitambaa kisichotimiza hata kiganja.

Tangu hapo yumo bandani, amewekewa matandiko mazito ya kusimamia na vitambaa laini chini ya kwato, na dawa ya maumivu asubuhi na jioni. Hei yake, yaani majani makavu, naipima kwa mizani ya ndoano, kilo 4 kwa siku kabla ya kuilowesha, yaani kama moja na nusu kwa mia ya uzito wake. Kisha naizamisha kwenye pipa la maji kwa saa kadhaa ili sukari itoke. Ungeyaona maji yale jioni! Meusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Nikiyamwaga nafikiria miezi yote ile nilivyokuwa nampa bila kulowesha, na shayiri juu yake. Ananiita mlangoni, anagonga kwa goti kwa sababu ukwato unamuuma, anadhani nimemsahau. Leo kamba imesoma 254. Daktari anasema huenda akapona, lakini ni miezi, na uwanjani asahau. Wengine hawaponi. Mfupa ukishatoboa wayo, mara nyingi linalobaki ni daktari kumpumzisha, afe bila maumivu.

Turudi kwa Bahati. Umesema unamwongezea mahindi na pumba, na mchana hafanyi kazi tena ili asipoteze mwili. Ndugu yangu, punda ni mnyama wa nchi kame, anazoea chakula duni kuliko hata hawa poni wa milimani. Ameumbwa kuishi kwa majani magumu, tena kidogo kidogo kutwa nzima. Nafaka nyingi kwake ni kama kummiminia sukari. Mafuta ya shingo yakimzidi, shingo inalala upande mmoja, na hata akikonda baadaye hairudi wima. Laminaitisi nayo inampata vile vile.

Na kama ameshanenepa, tafadhali usimkatie chakula ghafla baada ya kusoma barua hii! Hili ndilo linaloninyima usingizi. Punda na poni wadogo wakiwa wanene kisha wakakosa kula, mafuta ya mwilini yanamwagika damuni kutafutwa nguvu, ini linajaa, na mnyama anaweza kufa kwa siku chache. Punguza mahindi polepole, muwekee majani makavu ya kutafuna, umrudishe kazini kwa mizigo myepesi. Siku ukimwona amekataa kula, usingoje kesho, mpeleke zahanati ya punda.

Kipimo cha kujua kipo mkononi mwako. Kunja ngumi, pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Sasa nyoosha kiganja, pitisha vidole upande wa nyuma wa mkono, kwenye mifupa iliyo chini ya ngozi: ndivyo mbavu za Bahati zinavyotakiwa ziwe. Geuza kiganja, bonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba. Ukikuta ubavu wake uko hivyo, amezidi. Fanya leo jioni, na ufanye kwa vidole, maana manyoya yanadanganya macho.

Halafu nimekumbuka kitu. Mwaka ule marehemu mzee wako alipompeleka punda wake kwenye mashindano na sisi tukamfuata nyuma tunapiga mbinja, kuna aliyeuliza unene? Watu wa zahanati ya punda walimvua shogi wakatia mkono mgongoni kutafuta vidonda. Wakainua kwato moja moja. Wakatazama meno, masikio, na pale kamba inapokwaruza mkiani. Mzee alirudi na zawadi kwa sababu punda wake alikuwa anabeba mchanga kila siku na hana jeraha. Ile zahanati ya shirika la The Donkey Sanctuary imekuwepo Lamu tangu 1987, tangu enzi za mama Svendsen, mwanzilishi wa shirika hilo, na makao yao makuu yako Sidmouth, Devon, huku huku Uingereza. Wanaowajua punda hawadanganywi na mafuta. Kwa hiyo hata ushindi wenyewe unaoutafuta, ndugu yangu, hauko kwenye gunia la mahindi.

Lililobaki linanihusu mimi, na ninataka ushauri wako. Mama mwenye shamba ana farasi jike mwingine, ana miaka 3, mzuri sana, anamtaka mwakani aanze maonyesho. Juzi aliniuliza nitaanza lini kumtayarisha. Nikamwambia nitamtayarisha kwa mazoezi, kwa kumtembeza vilima, kwa brashi kila siku, lakini ndoo sitamwekea, na nitaingia naye uwanjani mbavu zake zikigusika hata tukiwekwa wa mwisho. Nikamwambia pia siku hizi kuna maonyesho yanayotoa utepe wa peke yake kwa mnyama mwenye uzito sahihi, twende huko kwanza. Alinyamaza. Hakukasirika, alinyamaza tu, akachukua ndoo tupu akaingia ndani. Sasa kila asubuhi nasubiri aseme neno. Unajua kazi hii ndiyo inayomsomesha Zuhura, na visa yangu… basi, hayo tutazungumza.

Wewe ungefanyaje? Nilisema vibaya, au nilichelewa kusema? Na Bahati yukoje hasa, ameanza lini hayo mahindi, na unampa vibaba vingapi? Anatembea sawa, au umemwona akisita kwenye vichochoro vya mawe? Kwato zake mara ya mwisho zimekatwa lini? Kile kidonda cha bega kimepona? Kombo naye kweli anamlisha wake hivyo hivyo, au ulisema kunichekesha? Bi Khadija macho yake yameendeleaje baada ya Mombasa?

Nipigie picha za Bahati leo kabla ya magharibi. Ile ya uso usiniletee, najua ni mzuri. Piga moja ya ubavuni akiwa amesimama sawa, moja ya nyuma mkia ukiwa katikati, na moja ya kwato za mbele kwa karibu. Nitamwonyesha daktari hapa kesho akija kumtazama Seren, na atakalolisema nitakuandikia usiku huo huo.

Wasalaam,
Nduguyo Salim