Madivelopa, fyatueni iventi kwenye testi zenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na madivelopa wenzangu hasa vijana wanaoandika C# (lugha ya programu). Siku hizi wengi wanaandika yuniti testi (kodi ya kupima kipande kimoja cha programu), safi sana, ila ikifika kwenye iventi, yaani taarifa ambayo kipande kimoja kinarusha kwa vingine kwamba jambo limetokea, wanaishia njiani. Unakuta klasi (kipande cha kodi) ya risiti inasabskraibu, yaani inajiandikisha kupokea, iventi ya malipo, mtu anatengeneza moki (kitu cha kuigiza) ya huduma ya malipo kwa laibrari ya Moq, anaangalia kwa VerifyAdd kama += (alama ya kujiandikisha) imeitwa, testi ikiwa ya kijani anaenda zake. Sasa hapo umepima nini? Umejua klasi imejiandikisha tu, hujajua malipo yakiingia itafanya kazi gani.

Ifyatueni iventi yenyewe kutoka kwenye moki jamani. Moq inayo Raise, NSubstitute, laibrari nyingine ya moki, inayo Raise.Event, ni mstari mmoja, halafu angalia risiti imetoka na kiasi ni kilekile. Ukishafanya hivyo hata ile += huna haja ya kuipima peke yake maana kama klasi haikusabskraibu risiti haitoki na testi inafeli yenyewe.

Alafu kuna testi mbili karibu kila mtu anaziruka na ndo zinaniuma. Fyatua mara moja uhakikishe risiti ni moja, sababu C# haikuzuii kusajili handla (kodi inayoitwa iventi ikifyatuliwa) ileile mara mbili, na ukiisajili mara mbili inaitwa mara mbili, mteja kalipa mara moja anapata risiti mbili. Nyingine, ita Dispose (methodi ya kuifunga klasi ikimaliza kazi) kisha fyatua tena, hapo kisitokee kitu. Mwenye iventi anamshikilia kila aliyejisajili, kwa hiyo kama hukujitoa kwa -= na yeye anaishi muda wote programu inaporani, gabeji kolekta (inayosafisha memori isiyotumika tena) haikuondoi, memori inajaa polepole watu wanabaki kulaumu seva. Na wapo wanaojitoa kwa kuandika lambda (funksheni isiyo na jina) upya wakidhani wamemaliza, kumbe hiyo ni lambda nyingine, -= haikuti cha kutoa na wala hailalamiki, usipofyatua tena baada ya Dispose hutajua kabisa.

Moki sio kitu kigeni, Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliandika habari zake tangu 2000. Walimu wetu wa vyuo, mkitoa asaimenti yenye iventi naomba mdai na hizo testi mbili, na maksi ziwepo.

Divelopa,
Dar es Salaam