Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi kibao

Mheshimiwa,

Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na familia, pamoja na lile gari jeupe ulilokuja nalo Mpwapwa. Mimi ni yule mwalimu mstaafu niliyepewa dakika tatu za kuzungumza kwenye mkutano wako, ule uliotuahidi kibao cha barabarani cha kuelekeza wageni, nikakatishwa kwenye ya pili ili chakula kisipoe. Siku ile sikukasirika.

Nimekasirika Ijumaa iliyopita.

Ilikuja Coaster ya wanafunzi wa sekondari kutoka pwani. Mwaka jana walitembezwa Bagamoyo, wakaona magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, na ule mnara wa misheni ulikolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Mwalimu wao akawaambia: mmeona njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilikoishia baharini, sasa twendeni tukaone ilikopita. Mtu kawaza hivyo bila posho, Mheshimiwa! Walipofika njia panda ya Mbande wakapitiliza, wakaja kushtukia wako Chamwino. Kibao kiko wapi cha kuwaambia wakate kushoto? Walipoingia Mpwapwa wakanipigia, kumbe simu yangu iko nyumbani inachaji. Wakauliza stendi "mambo ya kale", wakaelekezwa kwenye kituo cha mifugo. Watoto waliokuja kusoma habari za watumwa wakaonyeshwa dume la Mpwapwa. Ni ng'ombe mzuri, mbegu yake imezalishwa hapa hapa, lakini hakubeba pembe ya ndovu ya mtu.

Nilipowapata ilikuwa saa kumi na moja jioni, dereva ameshawasha gari. Nimefundisha historia miaka thelathini na mbili, na somo langu la mwisho nimelitoa nikiwa nimeng'ang'ania dirisha la Coaster.

Niliwaambia hapa ndipo misafara ilipopumzika na kujaza vibuyu. Mbele kulikuwa na Marenga Makali, nyika isiyo na maji, kisha Ugogo kwenyewe, ambako watemi walitoza hongo ndipo upite (neno hilo wewe unalijua kwa maana yake ya siku hizi). Ili kuivuka nyika ile waliondoka mchana wakatembea mpaka usiku. Wapagazi waliita kuterekeza. Badilisha herufi moja upate hali yetu sisi. Nikawaambia habari za Abushiri bin Salim, aliyebanwa na Wajerumani pwani mwaka 1889 akaja kukivamia kituo chao hapa hapa Mpwapwa, na Desemba mwaka huo huo wakamnyonga Pangani. Binti mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, hapo mahali penyewe ni wapi?" Gari likaondoka.

Mheshimiwa, haya si maneno ya kijiweni. Mwaka 2006, mwaka ule ule michoro ya miambani ya Kondoa ilipoingia Urithi wa Dunia, nchi yetu iliiandikisha UNESCO, kwenye orodha ya mapendekezo, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Sisi ni wa tatu kutoka baharini. Bagamoyo siionei wivu, nayo ina shida zake. Ila reli ilitupita mara moja, ikashika Gulwe, na mwaka 1910 ikawa imefika Dodoma. Nadhani tangu hapo wakubwa walizoea kutupita.

Ulisema kwenye mkutano, "Wananchi jiandaeni, wageni wanakuja, kibao ndani ya miezi mitatu." Mimi ni mtu wa kutii. Nikachukua sehemu ya mafao yangu, nyingine nikakopa kwenye kikoba cha mke wangu, nikajenga banda la wageni na choo cha kukaa, chenye sinki. Mama Neema alinitazama tu. Leo kwenye lile sinki anatagia kuku, na kikoba kinataka hela yake kila Jumapili. Huo ni mwaka wa pili. Nikienda ofisini kwako karani ananiambia faili liko kwa mwenzake, na mwenzake yuko semina. Labda fedha ya kibao ilikwenda kwenye kile chakula ambacho hakikutakiwa kupoa. Nabahatisha tu.

Nilikuwa nimeandika madai saba: makumbusho, mafunzo kwa vijana, barabara ya kwenda kule juu, na mengineyo. Nimeyafuta. Tupe kibao. Kimoja Mbande, na kama ukijisikia, kingine stendi. Kikiwa kimoja, basi Mbande.

Nguzo mbili ulizozisimika mbele ya kamera bado zipo, na mbuzi wa jirani wanajikunia hapo. Kinachotakiwa ni bati na rangi. Maandishi ninayo, nimeyapima, yanaenea mistari miwili. Kama shida ni rangi nijulishe, nitaongeza deni kwenye kikoba.

Wako mtiifu, mpaka sasa,

Mwalimu mstaafu,
Mpwapwa