Theluji ya Kibo inapogeuka kijivu kwenye mchoro wa sprei

Ukiona theluji ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, imechafuka kwenye mchoro wako, usikimbilie kununua kopo jingine la nyeupe. Nyeupe ya chini ilikuwa bado mbichi ulipopuliza nyeusi juu yake, na ulipobandua karatasi ya kutengenezea miamba zikang'oka zote mbili.

Anza na manila inayong'aa. Ile ya kawaida ya shuleni hunywa rangi, halafu hakuna kinachobaki juu cha kubandua. Tikisa kopo dakika 2 nzima tangu gololi ianze kulia, kisha puliza nyeupe ukiwa umbali wa sentimita 25 hivi. Subiri dakika 3 mpaka 5. Asubuhi za baridi za Julai ongeza. Gusa pembeni kwa kidole: inate, lakini isibaki kidoleni. Hapo ndipo unapuliza nyeusi na bluu, nyembamba, na kabla hazijavuta unalaza juu yake ukurasa wa jarida la karatasi laini uliokunjwakunjwa. Gandamiza kwa ncha za vidole, ubandue kwa kuinua moja kwa moja. Ukiuburuta hata kidogo, miamba inageuka michirizi. Video nyingi hutumia mfuko wa plastiki. Hapa mifuko ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kwa miamba karatasi ya jarida inatoa mikunjo mikali zaidi.

Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo, haitoki kwa karatasi peke yake. Chukua skrepa ya fundi rangi, uivute kwa mikato mifupi kutoka kileleni kushuka, upande wa jua tu, na upande wa kivuli uuache mweusi. Ukiutazama mlima kutoka Moshi mjini, Mawenzi iko kulia, na kwa mita 5,149 ni fupi kuliko Kibo yenye 5,895. Wanaozichora kwa urefu sawa wanaupoteza mlima wenyewe, hata rangi ikiwa safi namna gani.

Rangi ikikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, umerudia tabaka wakati mbaya. Juu ilikuwa imekauka, ndani bado, na kiyeyushi cha rangi mpya kikaivimbisha. Makopo mengi yanaandikwa muda wa kurudia: ndani ya saa moja hivi, au usubiri siku nzima na zaidi. Fuata maandishi ya kopo lako.

Fanyia kazi nje, mbali kabisa na jiko, maana gesi inayosukuma rangi inawaka. Barakoa ya kitambaa inazuia matone tu, mvuke unapita. Vaa yenye vichujio vya kaboni. Upepo wa mchana unaleta vumbi, kwa hiyo kata boksi kubwa upande mmoja, ulifunike juu ya kazi mara unapomaliza.

Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini, bonyeza mpaka itoke gesi tupu. Mchoro usiukunje wala kuuweka kwenye fremu kabla ya saa 24. Ukikwama kwenye tabaka, njoo na manila yako dukani kwetu ili tujaribu pamoja kwenye kipande cha pembeni.