Barua kutoka Beppu

Beppu, Jumapili jioni

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi, na mama umpe shikamoo yangu. Mimi mzima, masomo yanakwenda. Habari za baridi nitakupa siku nyingine. Leo ni za vikapu, maana kila nikiviona nakuona wewe umekaa barazani na ukili wako.

Beppu ni mji wa huku Japani wenye chemchemi za maji moto, na tangu zamani waliokuja kuoga walirudi kwao na vyombo vya mianzi. Kinachonishika mimi ni hanakago, kikapu cha maua. Ndani husimamishwa kipande cha mwanzi chenye maji, maua yakakaa humo, kikapu kisilowe. Kwenye shughuli ya Wajapani ya kuwaandalia wageni chai, hukitoa miezi ya joto, Mei hadi Oktoba.

Nilimtazama mzee mmoja akifanya kazi asubuhi nzima, hakusuka hata mstari. Alikuwa anachana tu! Mwanzi hukatwa wakati maji yake yamepungua, ukachemshwa au kuokwa taratibu motoni mpaka utoe mafuta, ukafutwa, ukaanikwa juani hadi kijani kiishe. Ndipo hupasuliwa nusu, robo, mpaka chane. Kila chane hutolewa nyama ya ndani, libaki ganda, kisha huvutwa katikati ya visu viwili vilivyokitwa kwenye gogo ili upana uwe mmoja. Unene anaupima kwa kidole gumba, kama wewe na ukindu.

Halafu kuna susudake, mwanzi wa moshi. Nyumba za wakulima wa zamani zilikuwa na meko ndani, na mianzi ya paa ikala moshi miaka mia na zaidi, ikaiva rangi ya kahawa. Palipofungwa kamba moshi haukufika, pakabaki peupe kidogo. Alama ile fundi haifuti, huipanga ionekane. Nikakumbuka dari ya jiko la bibi, somo, machozi yakanilenga. Nyumba hizo zinavunjwa, na mwanzi huo sasa ni adimu.

Wasukaji wa hapa nao zamani hawakuweka majina. Hayakawa Shokosai wa Osaka, aliyefariki 1897, ni miongoni mwa wa kwanza kutia jina lake kwenye kikapu. Na mwaka 1967 Shono Shounsai, mzaliwa wa Beppu hii hii, akawa fundi wa mianzi wa kwanza kupewa heshima wanayoiita Hazina Hai ya Taifa. Mtu wa vikapu! Mikeka yako imelaliwa na maharusi wangapi, na upande wa chini hakuna hata herufi moja? Anza kutia jina, nakuomba.

Tena nitumie chane za ukindu, za rangi na zisizo na rangi, pamoja na ukili shubiri moja. Nilimsimulia mzee kwamba kwetu tunasuka kwanza ndipo tunashona. Aliweka kisu chini, akaniuliza tunashona kwa uzi gani.

Wako,
somo wako